Namna ya kuchanganya petroli na oili ya chenso bila kuua mashine

Chenso yangu ya kwanza, yani msumeno wa petroli wa kukatia miti, ilikufa saa nne asubuhi kwenye shamba la michikichi njia ya kwenda Simbo, huku kwetu Kigoma. Tulikuwa tunaangusha michikichi mizee ili mwenye shamba apande miche mipya, kazi inakwenda vizuri, dogo niliyekuwa nae akaona dumu limeisha, akamsimamisha bodaboda akanunua kwake lita moja, wakavuta kwa mpira, akajaza tenki akavuta kamba. Ikawaka. Tena ikawa inalia kwa ukali kuliko kawaida yake, ukiisikiliza ungesema leo imeamka na nguvu. Mchikichi wa pili haukufika chini, mashine ilianza kulegea ikiwa ndani ya mti, ikatoa mlio kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, ikazima, kamba haivutiki.

"Dogo umeweka nini humu?"

"Petroli kaka."

"Ya kwenye dumu jekundu?"

"Ile si imeisha kaka, nimechukua kwa boda, petroli si ni petroli tu?"

Sikumgombeza, mana mimi ndie nilikuwa sijawahi kumwambia. Jioni tulifungua sailensa, nati mbili tu zile, tukamulika tochi ya simu kwenye tundu la moshi. Pistoni nzima inatakiwa ionekane laini inang'aa kijivu. Ile yetu ilikuwa na michirizi ya kusimama toka juu mpaka chini, ukipitisha ukucha unakwama kama unapita kwenye kitana. Imenoki, yani imekwaruzika na kukamata ndani. Pistoni, ringi na bloku (silinda pistoni inamotembea) vyote vya kununua.

Tangu siku hiyo nimeshaona chenso nyingi zimekufa hivyo hivyo, Kasulu, Uvinza, Manyovu, na nyingi kati yake hazikufa kwa uzee wala ubovu wa kiwanda, zilifia kwenye dumu, pale mtu alipochanganya kwa kukadiria au hakuchanganya kabisa. So naandika hatua zote ninavyofanya mimi, soma taratibu na kama una kijana anaekushikia mashine msomee na yeye.

KWANZA ELEWA KWANINI TUNACHANGANYA

Pikipiki za siku hizi karibu zote ni foo-stroki, zina sehemu yake chini ya injini ya kukaa oili, unamwaga unaweka nyingine, petroli inaenda peke yake. Chenso ni tuu-stroki (kwenye chupa za oili huandikwa 2-stroke au 2T), chini hakuna oili iliyokaa, ni chumba kitupu cha krenki na petroli yenyewe inapitia humo humo kabla haijapanda juu kuungua. Kwahiyo kitu pekee kinacholainisha beringi, konrodi, pistoni na ringi ni ile oili uliyochanganya kwenye petroli, inapita inaacha utelezi wake inaungua inatoka. Usipoweka, chuma kinasugua chuma kwenye mzunguko wa zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Ndio mana tenki moja tu la petroli kavu linatosha kuua mashine, na mara nyingi ata halimaliziki.

Na ndio mana pia nasema oili ya tuu-stroki haifanani kazi na oili nyingine, hii imetengenezwa ili ichanganyike na petroli, ilainishe, alafu iungue bila kuacha uchafu mwingi. Oili ya gari au ya boda (SAE 40, 20W-50 na wenzake) imetengenezwa ikae ndani izunguke isiungue. Ukiichanganya kwenye petroli ya chenso itawaka kweli na siku ya kwanza hutaona shida, ila inaacha majivu kwenye plagi na masizi magumu kwenye ringi na tundu la egzosi, mwisho ringi zinaganda kwenye pistoni na mashine haina tena msukumo. Usikubali kuambiwa "mbona mimi natumia", muulize amefungua pistoni lini mara ya mwisho.

HATUA YA 1: JUA MASHINE YAKO INATAKA NGAPI

Angalia kijitabu, kama hakipo angalia kwenye kifuniko cha tenki au pembeni yake, mara nyingi kuna alama ya pampu ya mafuta na tone, na pengine namba kama 50:1, 40:1 au 25:1. Maana yake ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Hapa watu wengi wanapigwa: mtu anaona 50:1 anadhani ni ml 50 kwa lita 1. Hapana. Lita 1 ni ml 1000, gawa kwa 50 unapata ml 20. Ukiweka ml 50 kwa lita umeweka 20:1, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa.

Sasa namba hii haiji peke yake, inaendana na oili. STIHL wanasema 50:1 ukitumia oili yao, na vitabu vyao vya mashine kama ile 070 wanayoipenda sana wapasua mbao vinasema ukitumia oili ya kampuni nyingine yenye daraja la TC (madaraja nitayaeleza hatua ya 2) basi iwe 25:1. Husqvarna wao ni 50:1 kwa oili yao, na 33:1 kwa oili nyingine ya tuu-stroki ya injini zinazopozwa kwa hewa. Mashine nyingi za Kichina, zile za 52cc na 58cc zilizojaa madukani, kijitabu chake kinasema 25:1 au 40:1, so soma cha kwako usichukue cha jirani.

Kama mashine uliikuta haina kitabu wala alama na oili uliyopata huijui vizuri, mimi naenda 25:1 kwa mashine za zamani na za Kichina. Itatoa moshi zaidi kidogo, plagi utaisafisha mara kwa mara, lakini plagi ni hela ndogo sana ukilinganisha na bloku. Ila usiruke kutoka hapo ukasema basi niweke na zaidi, nitaeleza chini kwanini.

HATUA YA 2: CHAGUA OILI, NA HAPA KIGOMA TUNA SHIDA YETU

Sisi tuna ziwa. Ukishuka Kibirizi pale zinapopaki boti utakuta oili ya tuu-stroki imepangwa kila kibanda, mana injini nyingi za boti ni tuu-stroki nazo zinachanganyiwa. Na mtu wa chenso akikosa oili mjini anakimbilia kule, anaona imeandikwa 2-stroke, anabeba.

Geuza chupa usome nyuma. Ukiona TC-W3 hiyo ni ya boti. Ile W ni ya maji. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa yanayopita ndani yake muda wote kwahiyo haipati joto kama la chenso. Chenso inapozwa na upepo wa feni yake tu, na wewe unaifanyisha kazi juani, katikati ya vumbi la mbao, mapezi ya bloku yameziba, joto lake ni jingine kabisa. Oili ya boti kwenye joto lile inaishiwa nguvu mapema. Nimeona watu wameitumia miezi na mashine inatembea, sikatai, na ukiwa umekwama porini TC-W3 iliyopimwa vizuri ni bora mara mia kuliko petroli kavu au SAE 40. Lakini kama unanunua kwa kupanga, usinunue hiyo.

Unachotafuta ni chupa iliyoandikwa JASO FC au JASO FD, au ISO-L-EGC au ISO-L-EGD. Mara nyingi kuna kiboksi kidogo kimeandikwa JASO M345 na herufi mbili, hizo herufi ndio daraja. FB ni ya chini, inafaa ila inachafua zaidi. FC ina moshi kidogo. FD ndio inasafisha pistoni vizuri kuliko zote tatu. Ukikuta imeandikwa API TC bila ile W hiyo pia ni ya injini za hewa, inatumika. Angalia tu jicho lisikudanganye, TC na TC-W3 zinafanana ukisoma haraka na ni vitu viwili.

Oili ya kupimiwa kwenye dumu wazi dukani mimi sichukui. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa SAE 40, huwezi kujua kwa kuiangalia wala kuishika. Chukua chupa yenye sili haijakatwa, kama hela ni ndogo chukua chupa ndogo.

Na usiamini rangi. Oili nyingi za 2T zinatiwa rangi, nyekundu, bluu au kijani, ili uone kwamba petroli hii imeshachanganywa. Inasaidia, lakini rangi haikuambii ni ml ngapi ziliwekwa.

HATUA YA 3: PETROLI

Nunua kituoni, kituo chenye wateja wengi, mana mafuta yake hayakai. Ya chupa ya barabarani inaweza ikawa imekaa wiki kadhaa juani kwenye plastiki, ile sehemu nyepesi inayosaidia kuwasha imeshapotea hewani, unavuta kamba mpaka bega linauma.

Shida nyingine ni kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli mpaka ikabidi mafuta yawekwe vinasaba (alama ya kutambua yaliyochakachuliwa) kuanzia 2010 na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchakachua ipungue. Imepungua kweli vituoni, lakini ya vichochoroni nani anaipima? Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli yanashusha okteni, yani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, na mashine nyingi zinataka RON (kipimo cha okteni) isiyopungua 90. Ikishuka mchanganyiko unalipuka ndani kabla ya wakati wake, unasikia mlio wa kugonga gonga, joto linapanda na pistoni inaumia ata kama oili uliweka sawa sawa. Ukihisi harufu ya taa rudisha.

Maji nayo, hasa masika. Mimina petroli kidogo kwenye chupa ya kioo safi, iache dakika chache, maji ni mazito yanakaa chini, utaona mstari au matone yanayotembea chini ukiinamisha chupa. Ukiyaona usitumie.

HATUA YA 4: VIPIMO, HAPA NDIPO PENYEWE

Kisoda na kifuniko cha chupa ya maji si vipimo. Nilichukua bomba la sindano nikapima vifuniko vitatu vya maji ya kampuni tofauti, kila kimoja kilinipa ujazo wake. Na "mimina mpaka ibadilike rangi" nayo si kipimo.

Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la ml 20, jipya, sindano yenyewe huitaki. Bomba moja kamili ni ml 20, yani bomba moja kwa lita moja ndio 50:1, kijana yeyote anaelewa hapo hapo. Bomba mbili kwa lita ni 25:1. Ukishalitumia kwa oili liandike na lifunge pamoja na dumu, lisirudi kabisa kwenye matumizi ya watu wala mifugo. Chupa ya kunyonyeshea mtoto yenye mistari ya ml nayo inafaa kwa dumu kubwa, kwa masharti hayo hayo.

Nakili hii uibandike mlangoni:

50:1: lita 1 ml 20, lita 5 ml 100, lita 10 ml 200, lita 20 ml 400
40:1: lita 1 ml 25, lita 5 ml 125, lita 10 ml 250, lita 20 ml 500
33:1: lita 1 ml 30, lita 5 ml 150, lita 10 ml 300, lita 20 ml 600
25:1: lita 1 ml 40, lita 5 ml 200, lita 10 ml 400, lita 20 ml 800

Sasa kuna kosa moja ambalo nililifanya miaka bila kujua. Tunanunua petroli kwa hela, "niwekee ya elfu kumi", alafu tunafika nyumbani tunaweka oili ya lita 5 kwasababu dumu ni la lita 5. Ile elfu kumi haijakupa lita 5, na bei inabadilika kila mwezi EWURA wakitangaza bei mpya, kwahiyo mwezi huu mchanganyiko wako ni huu na mwezi ujao ni mwingine na mashine inasumbua hujui kwanini. Mwambie muhudumu kwa lita, "dada niwekee lita tano kamili", na usome mwenyewe kwenye pampu. Kama hela haitoshi lita kamili, soma lita zilizoandikwa uzidishe: pampu imesema lita 3.4, unataka 50:1, 3.4 mara 20 ni ml 68. Unataka 25:1, mara 40, ni ml 136. Simu ina kikokotoo. Usitumie shingo ya dumu kama kipimo, dumu la lita 5 ukilijaza mpaka mdomoni linabeba zaidi ya lita 5.

Na dumu likiwa linajazwa liweke chini ardhini, usijazie likiwa juu ya kiti cha pikipiki au nyuma ya gari kwenye plastiki, umeme tuli unaweza kurusha cheche na mvuke wa petroli hausubiri.

HATUA YA 5: CHANGANYA

Kwenye dumu, sio kwenye tenki la mashine. Ukimimina oili tenkini alafu petroli juu yake oili inakaa chini pale pale kichujio kinaponyonya, mashine inakunywa oili tupu mwanzoni, inasonga, alafu baadae inakunywa petroli kavu. Dumu liwe safi na kavu, la petroli tu, na liwe na rangi yake au alama ambayo kila mtu kwenye timu anaijua. La kwangu jekundu lina maandishi makubwa CHENSO TU.

Weka petroli nusu, weka oili yote uliyopima, suuza bomba au chupa ya kupimia kwa petroli kidogo urudishie humo humo mana oili inabaki ukutani. Funga, tikisa kama dakika moja, geuza geuza. Ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Andika kwa maka peni tarehe na namba, mfano 50:1, ili wiki ijayo usianze kujiuliza kama hili lilishachanganywa. Na kila unapotaka kujaza mashine tikisa dumu tena kidogo, sekunde kumi tu.

Changanya ya kutumia wiki mbili tatu. Watengenezaji wengi wanasema mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi, na kwa jua letu ukiwa kwenye dumu jeupe nje inakuwa chini ya hapo. Weka kivulini, limefungwa, mbali na jiko.

Na ndugu zangu naomba sana hili mlishike: usiweke mchanganyiko kwenye chupa ya soda au ya maji ukaiacha nyumbani. Una rangi nzuri nyekundu au bluu, mtoto anaona juisi. Akiinywa usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike, mana ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu na huko ndiko inakoua, mkimbize hospitali na chupa yenyewe muibebe. Sababu hiyo hiyo inahusu kunyonya kwa mdomo na mpira kama walivyofanya yule dogo na boda wake, tafuta pampu ya kubonyeza kwa mkono, au mimina kwa faneli.

HATUA YA 6: KUJAZA MASHINE

Zima, iache ipoe, iweke chini mahali pasafi. Futa vumbi la mbao kuzunguka kifuniko kabla hujakifungua, ule unga ukiingia tenkini ndio unaoziba kichujio alafu kabureta. Mimina kwa faneli yenye chujio. Usijaze mpaka mdomoni. Futa iliyomwagika, sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia ndio uwashe. Sigara iwe mbali, na wale wanaochoma mkaa karibu na tanuri wahame kabisa.

Chenso ina matenki mawili, la pili ni la oili ya mnyororo, na kuna watu wanayachanganya. Kabla ya kumimina angalia alama. Jaza yote mawili kwa wakati mmoja, mashine imepangwa petroli iishe kabla oili ya mnyororo haijaisha. Oili hii ni nyingine, nzito, inanata. Ukikosa ile maalum Husqvarna wenyewe kwenye vitabu vyao wamewahi kuruhusu oili ya gia EP 90, ambayo maduka ya spea za magari wanayo. Oili chafu ya gari naona kila mahali na sio nzuri, ina chembe za chuma zinazokula pampu na baa (lile bamba refu mnyororo unapozungukia), na inakurukia mwilini siku nzima na uchafu wake wote.

Wengine hapa kwetu wameweka mawese. Mchana wa Ujiji yanatembea, sikatai, ila mawese yanaganda kukiwa na ubaridi, asubuhi ya Manyovu unakuta tenki zima limeganda kama siagi, pampu haivuti kitu na mnyororo unatembea mkavu mpaka baa inakuwa bluu.

HATUA YA 7: ISIKILIZE NA UITAZAME

Baada ya tenki moja au mawili fungua plagi. Rangi ya kahawia, kama ya chai ya maziwa mpaka kahawa nyepesi, uko sawa. Nyeusi na ina umajimaji, oili ni nyingi au kabureta inamwaga petroli nyingi au chujio la hewa limeziba, safisha chujio kwanza kabla ya kulaumu oili. Nyeupe kama chaki, zima na usiendelee, mashine inakula hewa nyingi na petroli kidogo na inaungua.

Hapo ndipo nilisema oili ikizidi sana nayo ni tatizo. Mbali na masizi, kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli. Kabureta inapitisha ujazo ule ule, kwahiyo oili ikiwa nyingi petroli inayoungua imepungua kidogo na moto unakuwa mkali. Ukibadilisha toka 50:1 kwenda 25:1 mpe fundi aisete kabureta upya, ile skrubu yenye alama ya H inayopima petroli mashine ikiwa kwenye resi kubwa.

Na wanaopanda na kushuka milima hii wasikie. Uso wa ziwa uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, Kasulu na Buhigwe unapita mita 1,200. Huko juu hewa ni nyepesi, mashine iliyosetiwa Kigoma mjini ikifika kule inatoa moshi na kukosa nguvu, mtu anadhani oili imezidi anaipunguza, hilo ni kosa, ni kabureta ndio inataka kupunguziwa petroli kidogo. Alafu akishuka tena Ujiji na seti ile ile ya mlimani mashine inakosa petroli ya kutosha, inalia kwa ukali, inaungua. Ukishuka irudishe. Oili iache pale pale.

UKIKOSEA UFANYEJE

Umeshtuka petroli kavu imeingia na mashine bado inawaka: zima sekunde hiyo hiyo, usiseme nimalizie mti huu. Mwaga tenki lote, weka mchanganyiko sahihi, vuta kamba mara kadhaa taratibu plagi ikiwa imetolewa na swichi imezimwa ili oili ifike ndani, fungua sailensa umulike pistoni kabla ya kuiwasha. Kama ukucha haukwami una bahati, endelea.

Umezidisha oili: ni rahisi, ongeza petroli. Lita 5 uliyoiwekea ml 200 wakati ulitaka 50:1, ongeza lita 5 nyingine, umemaliza. Hujui kabisa kama dumu lilichanganywa: usikisie, ipe boda ichome kidogo kidogo ikiwa imechanganywa na petroli nyingi ya kwake, wewe anza upya.

Kazi ikiisha na hutaishika mashine mwezi mzima, mwaga tenki mahali penye hewa, iwashe ikiwa silo, yani bila kuvuta resi, mpaka ijizime yenyewe, ndio kabureta imekauka. Na kila siku kabla ya kuzima baada ya kupasua mti mgumu, mninga au mkaratusi mkubwa, iache silo kidogo ijipoze, usizime ikiwa imechemka vile.

Kama umeshanoki kama mimi na umeweka pistoni na bloku mpya, mchanganyiko ni ule ule wa kitabu, ila tenki tatu za mwanzo usiivute resi hadi mwisho ikiwa haiko ndani ya mti, ifanyishe kazi za kawaida, matawi na magogo ya kati. Yangu niliianzisha hivyo, dogo akiwa ndie anapima kwa bomba na mimi nahesabu nae, moja, mbili, tatu, nne, tano, lita tano. Mpaka leo yeye ndie anaeshika dumu.